Kitenzi

Usiku wa kuamkia Alhamisi walikuja na mashua isiyo na taa,
wakang'oa maboya ishirini na manne
niliyoyatia mtoni mwezi Mei kwa mikono hii,
rangi ya chungwa, kila moja na namba yake.
Asubuhi mto ulikuwa umelala mweusi, mtupu,
kama sentensi iliyofutwa alama zote.

Nikaandika ripoti. Mimi, Maret Uibo, mpimaji wa mto,
hapa Narva, ngome yetu huku, ngome yao kule,
na katikati maji ambayo kijana mwenye mkono mzuri
angerusha jiwe likavuka.
Ripoti ikapanda: kwa bosi, kwa waziri,
ikakatiwa tiketi ya ndege hadi Brussels,
ikakaribishwa kahawa.

Huko nchi ishirini na saba ziliketi kutafuta kitenzi.
Wa kwanza alitaka *tunalaani*.
Wa pili, ambaye nyumba zake hupashwa moto na gesi ya jirani huyo,
akaomba *tunasikitishwa*.
Wa tatu akauliza kama *tunafuatilia kwa karibu* haitoshi,
maana msimu wa nyanya umewadia
na malori yake yamepanga foleni mpakani.
Umoja ni nguvu, sikatai.
Ila nguvu yenyewe huanza kwa kukubaliana
saa ya chakula cha mchana.
Wakalala na kitenzi, wakaamka nacho,
wafasiri wakakipima kwa lugha ishirini na nne,
na katika mbili kati ya hizo
kikasikika kama pole ya msibani.

Siku ya kumi na moja kikatoka:
*tunasikitishwa sana*.
Hilo *sana*, nimeambiwa, lilipiganiwa hadi saa nane za usiku
na mjumbe wetu, mama mmoja mfupi, Epp Laanemets,
aliyekataa kuvaa koti lake mpaka liingie.
Heshima yake nampa.

Jirani akajibu kwa mstari mmoja:
barua imepokelewa
Nukta hakuweka.

Mwenye nguvu mpishe, husema watu.
Hawasemi umpishe hadi wapi,
ikiwa mgongo wako umeshagusa kabati la vyombo.

Ghorofa ya tatu, juu yangu, anakaa Zinaida Platonovna.
Dada yake, Rimma, yuko ng'ambo.
Tangu daraja lifungiwe magari,
na mguu wa Rimma ukatae kusimama foleni,
wana mkataba wao, haukutiwa sahihi popote:
shuka la bluu kwenye kamba ya roshani, mguu hauniumi;
shuka la maua, nimelala vibaya;
kamba tupu, piga simu.
Zinaida hutazama kwa darubini ya marehemu mumewe
na kujibu kwa taulo.
Nilimuuliza kama hawajawahi kununiana.
"Miaka sita," akasema. "Kisa cherehani ya mama.
Lakini kufua, tulikuwa tunafua."

Jana nimeletewa maboya mapya.
Kumi na mawili. Mengine yanangoja bajeti.
Nimetoka alfajiri, mashua, minyororo, daftari,
injini ikikohoa kama mzee anayetaka kusema jambo.
Ukingoni kwao alisimama askari, kijana mdogo,
chupa ya chai kwapani.
Nilipotia la tano akanyanyua mkono.
Labda ni salamu. Labda jua lilimchoma macho.
Labda alikuwa akinihesabia.
Nikatafuta kitenzi, nikakikosa,
nikaandika: *amenyanyua mkono*,
nikaacha hapo.

Kisha nikainua macho juu ya kofia yake,
kwenye jengo la kijivu, roshani ya nne.
Kamba ilikuwa tupu.
Anga safi, hata dalili ya mvua hakuna.
Nikageuza mashua kabla ya boya la saba.